Uluguru Hautaki Injini Kubwa

Kuna mabishano ya siku nyingi miongoni mwetu tunaopenda pikipiki, nayo hayaishi: safari ya kweli ni ipi? Wengi husema ni ile ndefu. Mtu atoke Dar es Salaam alfajiri, apite Chalinze, Morogoro na Mikumi, alale Iringa, kesho yake aingie Mbeya, keshokutwa avuke Tunduma, na akirudi awaonyeshe wenzake tarakimu zilizoongezeka kwenye dashibodi. Injini nayo iwe kubwa, kwa sababu umbali unataka nguvu. Mimi nimesimama upande wa pili wa ubishi huu, na kadiri umri unavyosogea ndivyo ninavyozidi kuuona upande huo kuwa wa haki. Hoja yangu ni kwamba mapenzi ya pikipiki, yale yanayomshika mtu ujanani na kumfikisha kwenye mvi bila kumwachia, hulishwa na kurudi mahali pale pale mara nyingi kuliko na kwenda mbali mara moja. Na mahali panapostahili kurudiwa hivyo, kwa kawaida hapahitaji zaidi ya pikipiki ndogo. Ushahidi ninaoutegemea ni Milima ya Uluguru. Msafiri wa masafa huiona mkono wake wa kushoto anapokaribia Morogoro, huisifia kwa dakika chache, kisha hufika mzunguko wa Msamvu na kuisahau, kwa kuwa ana haraka ya kufika mahali ambapo milima ni mingine.

Uluguru ni mgongo mrefu uliolala kutoka kaskazini kwenda kusini, sehemu ya Tao la Mashariki, ile milima mikongwe inayoanzia Taita nchini Kenya na kuteremka hadi Udzungwa. Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachouchungulia mji, kina mita 2,138, na Kimhandu, kilichojificha kusini zaidi, kinapita mita 2,600. Upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi hugonga ubavu wa mashariki, hupanda, hupoa na kumwaga mvua huko huko, kiasi kwamba sehemu za juu za ubavu huo hupata milimita 3,000 na zaidi kwa mwaka, wakati mji ulio upande wa pili kwa kawaida haufikishi hata 1,000. Haya yote yanapatikana vitabuni, na mtu anaweza kuyakariri bila kutoka nyumbani. Pikipiki huyapeleka kwenye ngozi. Joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mwendeshaji aliyeondoka Mlali na shati jepesi hujikuta Nyandira akitafuta koti, vidole vikiwa vigumu kwenye klachi. Aliyekaa ndani ya basi hupata habari hiyo akishashuka. Anayetembea kwa miguu huipata polepole mno, jasho likiwa limemdanganya njiani. Mwendo wa kilomita 20 au 30 kwa saa, uso ukiwa wazi, ndio unaokuwezesha kuhisi tabaka moja la hewa likiisha na jingine likianza, ndani ya asubuhi moja.

Barabara za kuufikia mlima ni chache na kila moja ina tabia yake. Ya magharibi huiacha barabara kuu Sangasanga, karibu na Mzumbe, ikapita Mlali na kuanza kupanda kwenda Langali na Nyandira, ndani ya Mgeta, nchi ya kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo, ambako malori ya mboga hukutana nawe kwenye kona usiyoitegemea. Ya mashariki hutokea Bigwa, ikashika Kiroka, Mkuyuni na Matombo hadi Mvuha yaliko makao ya halmashauri ya wilaya, kisha Kisaki, inakopita reli ya TAZARA. Huko kuna Kinole pia, pamoja na ndizi, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga. Halafu ipo ile fupi inayopanda moja kwa moja kutoka mjini hadi Morningside, kwenye nyumba iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1911; njia yenyewe ni mawe matupu, kilomita chache zinazochosha mikono kuliko safari nzima ya Dodoma. Kwenye ramani njia hizi hazijai hata kiganja, na mtu wa masafa atauliza utazifanyia nini maisha yako yote. Lakini aliyepita Matombo mara moja mwezi wa Agosti ataapa kwamba ile ni barabara ya vumbi; aliyepita Aprili, masika yakiwa yamekolea, ataapa kwamba haipitiki. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili hawaijui. Ili uijue lazima uwe umeiona ikikauka baada ya masika, umeiona ikilowa tena kwa mvua za vuli, ukajua ni kona ipi hubaki na utelezi wiki mbili baada ya mvua kukatika kwa kuwa jua haliifikii, na ni mto upi hujaa jioni kwa mvua iliyonyesha juu mlimani wakati wewe ulikuwa unaota jua.

Nitatoa mfano mmoja wa kile ambacho kurudia hukifundisha na kupita mara moja hakiwezi, nao si wa barabara bali wa mashamba. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ambao kiini chake kilikuwa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Julai 1955, upande wa Matombo, watu walikataa. Yakatokea machafuko, mtu akauawa, na mpango ukafa. Anayesimuliwa habari hii akiwa mjini huielewa kwa wepesi: wananchi waliichukia amri ya mkoloni, na TANU ilikuwa na mwaka mmoja tangu iundwe. Ni kweli, ila haitoshi. Endesha upande wa Mgeta na utaona miteremko iliyokatwa ngazi-ngazi, kazi ya wakulima wenyewe, wanaofukia nyasi na magugu ndani ya kingo ili zioze ziwe mbolea. Hakuna aliyehitaji kuwalazimisha. Kisha, masika mengine, endesha upande wa Matombo na utazame maji yanavyoshuka. Mteremko ni mkali, mvua ni nzito kuliko ya magharibi. Tuta pana lililochimbwa hapo hufukua udongo usio na rutuba na kuzika ule wenye rutuba, na likishiba maji huporomoka. Wakulima walikuwa wakigoma kisiasa, naam, na pia walikuwa wakisema jambo la kilimo ambalo mtaalamu hakulisikia. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kizima juu ya siasa na ardhi ya Waluguru, kikatoka 1960, na nakipendekeza kwa yeyote. Ila kukisoma ukiwa umeiona miteremko yote miwili, katika misimu tofauti, ni kukisoma kingine kabisa. Ubavu mmoja peke yake usingekuonyesha tofauti hiyo, na msafiri anayekwenda Tunduma hana nafasi hata ya huo mmoja.

Sasa tuje kwenye mashine, maana hapa ndipo wenzangu wa injini kubwa hunishambulia kwa nguvu zaidi. Wanasema mlima unataka nguvu. Tupige hesabu. Pikipiki ya injini ya cc 150, aina ya Boxer iliyojaa kila kijiwe, ina uzito wa kilo 120 hivi. Muweke juu yake mtu wa kilo 80. Kilo 200 kuzipandisha kwenye mwinuko wa asilimia 20, ambao ni mkali kweli kweli, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kunahitaji wati 2,200 hivi, yaani nguvu za farasi tatu. Ongeza moja kwa ajili ya tope na msuguano. Injini ile ina karibu nguvu za farasi kumi na mbili. Hata ukikumbuka kwamba injini ya kabureta hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi na petroli inazidi kwenye mchanganyiko, bado unabakiwa na ziada kubwa. Kinachokosekana kwenye njia za Uluguru huwa ni mshiko wa tairi, na nguvu nyingi huuharibu mshiko huo badala ya kuuongeza. Kisha kuna swali la kuanguka. Pikipiki kubwa za safari, kama BMW R1200GS Adventure, hufika kilo 250 zikijazwa mafuta. Kuangusha chombo cha namna hiyo kwenye tope la Mkuyuni ni kusubiri wapita njia wanne wenye huruma. Ile ya kilo 120 utaiinua mwenyewe, utalaani kidogo, utaendelea.

Na injini hizi ndogo zina ukoo wake, ambao ningependa mpenda pikipiki aujue kama mpenda taarabu anavyojua nani alianzisha kikundi gani. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, pikipiki waliyoibuni kwa ajili ya nchi ambako waliona wazi kwamba watu huendesha bila kuhudumia. Badala ya cheni ya taimingi inayozungusha shafti juu ya injini, valvu za CG husukumwa na vijiti kutoka chini. Hakuna cheni ya kulegea, na kuna vitu vichache vya kuharibika mtu asipobadilisha oili kwa wakati. Viwanda vya China viliiga muundo huo, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Tanzania miaka ya 2000, akina SanLG na ndugu zao, zilibeba moyo huo huo. Baadaye zikaja Boxer na TVS kutoka India, zenye mpangilio mwingine lakini falsafa ile ile: silinda moja, kupozwa kwa upepo, na bei ambayo kijana anayeilipia kidogo kidogo kwa mkataba anaweza kuimaliza. Matokeo yake ni kwamba njia yoyote yenye kijiwe cha bodaboda ina fundi, na fundi huyo ana plagi, waya wa klachi, tyubu, cheni na sproketi ya pikipiki yako. Mwenye mashine ya mamilioni mengi akiharibikiwa huko juu hutafuta mtu mwenye kompyuta, na mtu huyo yuko Dar es Salaam. Kuimiliki pikipiki kwa miaka mingi hujengwa na mambo haya madogo: kusikia valvu zinagonga kabla fundi hajasikia, kujua pistoni na ringi zimeanza kuchoka kwa rangi ya moshi, kuchagua sproketi ya nyuma yenye meno zaidi kwa sababu wewe ni mtu wa milimani na barabara kuu huna shida nayo. Injini kubwa ya kisasa humnyima mwenyewe raha hiyo. Imefungwa, na inataka ibaki imefungwa.

Wapo watakaonijibu kwa majina makubwa. Ted Simon aliondoka Uingereza mwaka 1973 akiwa na Triumph ya cc 500, akaizunguka dunia kwa miaka minne na kupita kilomita 100,000, Tanzania ikiwamo njiani. Mwaka 2007 Ewan McGregor na Charley Boorman walitoka Scotland hadi Cape Town kwa zile BMW nilizozitaja, wakapita nchini mwetu pia, na filamu yao imewauzia watu wengi ndoto. Siwezi kusema safari hizo si kitu. Ningekuwa mtu wa wivu tu. Ninachosema ni kwamba kila mahali katika safari hizo palionwa mara moja, katika msimu mmoja, na mtu aliyekuwa akifikiria mpaka unaofuata. Mfano ulio na mafunzo zaidi kwangu ni wa Ernesto Guevara, ambaye 1965 alipita Dar es Salaam akielekea Kongo. Ile pikipiki aina ya Norton iliyompa sifa katika safari ya 1952 haikumaliza safari. Iliwafia yeye na mwenzake nchini Chile, wakaendelea kwa miguu na kwa kuomba lifti, na yale yaliyombadilisha, migodini na kwa wagonjwa wa ukoma, mengi yalitokea baada ya hapo, mwendo ulipopungua. Masafa yalikuwa yale yale, ila sasa alilazimika kukaa na watu. Pikipiki ndogo kwenye mlima mmoja inakupa ukaaji huo bila kukuvunjia chombo. Mgeni siku ya kwanza hupewa kiti, na anayeendelea kurudi hupewa jembe. Watu wa njiani humweleza mgeni wa mara moja yale wanayofikiri anataka kusikia, lakini anayerudi kila msimu huanza kulalamikiwa bei ya kabichi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la hatari, na silipuuzi. Pikipiki huua, na wodi za mifupa za nchi hii zina ushahidi wa kutosha. Lakini tuulize ni wapi na kwa nini. Historia ya Morogoro na ajali za barabarani ni ya huzuni hata pikipiki ukiziweka kando. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, mwanamuziki mkubwa wa mji huu, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyemrithi kwa umaarufu, alikufa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, Januari 1979. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ambaye chuo kikuu cha kilimo cha hapa kinabeba jina lake, alifariki kwa ajali ya gari Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, akitokea Dodoma. Na tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka Msamvu, walikufa watu zaidi ya 100, wakiwemo vijana wa bodaboda. Ajali za namna hii ni za barabara kuu zaidi, mahali pa mwendo mkali, malori mazito na watu wenye haraka. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo: anayekwenda kilomita 90 kwa saa amebeba mara tisa ya nguvu aliyonayo anayekwenda 30. Kipande cha Mikumi pekee, kilomita 50 hivi ndani ya hifadhi ya taifa, kinamweka mpanda pikipiki kati ya malori ya Zambia na tembo, na sijui ni starehe ipi hasa hutafutwa hapo. Mlimani kuna makorongo, kuna utelezi, kuna kona zinazoficha lori la mboga. Sitamdanganya mtu kwamba ni salama. Ila mwendo ni mdogo, na mwendo ndio unaoamua kama utachubuka au utazikwa. Kofia ngumu ivaliwe hata huko: mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa 2008 yalikadiria kwamba inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa 69. Na mtu ashuke na gia. Ile tabia ya kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa petroli huziachia breki kazi yote. Zikishapata moto hulegea, na petroli iliyookolewa haijai hata kibuyu.

Wengine hupinga kwa njia nyingine: pikipiki kwetu ni chombo cha kazi, na kuifanya starehe ni kuiga Wazungu. Kumbukumbu fupi ndiyo inayosema hivyo. Kabla ya kanuni za 2010 zilizoruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni, pikipiki vijijini ilikuwa ya bwana shamba, mganga wa zahanati, padri na mtu wa mradi, wakiwa juu ya Yamaha AG100 au Honda XL125, na wengi wa watu hao waliipenda kupita mahitaji ya kazi. Kule Unguja, Vespa ilipendwa vivyo hivyo. Vijana wa leo nao, wenye hesabu ya kumpelekea bosi kila jioni, huzipamba, huzipa majina, huziosha mtoni siku ya mapumziko. Kazi na mapenzi hayajawahi kugombana kwenye chombo hiki. Tena walimu bora wa kuendesha mlimani ni wao hao. Mtazame kijana anayeshusha mikungu ya ndizi kutoka Kinole: amesimama kwenye vikanyagio, magoti yamelegea, gia ya kwanza, klachi haichezewi ovyo, macho yako mbali na si kwenye tairi la mbele. Panapozidi ukali humteremsha abiria apande kwa miguu. Wapo wanaofunga mnyororo kwenye tairi la nyuma msimu wa tope. Ubaya wao wanao, mishikaki ya watu watatu nyuma ya dereva ikiwa ubaya mmojawapo. Lakini mpenda pikipiki wa mjini, mwenye koti la ngozi na glavu, akikaa nyuma ya kijana huyo kwa kilomita kumi atajifunza kuliko atakavyojifunza kwenye video zote alizohifadhi kwenye simu.

Pingamizi ambalo sina jibu lake kamili ni la msitu. Pikipiki iliyonifikisha mimi Nyandira ndiyo inayomfikisha mwenye gunia la mkaa na mwenye mbao za wizi. Kila njia iliyopanuliwa na magurudumu huwa mlango. Na kilicho juu ya mlango huo hakina mbadala: Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa 2008, inawahifadhi ndege wasiopatikana kwingine duniani, mmoja wao yule chozi aliyepewa jina la Loveridge, na ndimo vinamochimbuka vijito vinavyoulisha Mto Ruvu, ambao wakazi wa Dar es Salaam wanaunywa kila siku, wengi bila kujua. Ninachoweza kudai ni kidogo. Kwanza, anayekuja kwa ajili ya starehe hana sababu ya kuvuka mpaka wa msitu na mashine. Aiache kijijini, akate kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu, apande Bondwa au Lupanga kwa miguu kama watu wengine. Pili, kelele. Kuna wanaotoboa ekzosi ili pikipiki ingurume, na kwao sina utetezi wowote. Mlima wenye kuta za mawe huirudisha kelele hiyo kwa kila mtu. Tatu, na hili ni dhana yangu tu, mtu anayerudi mahali mwaka hadi mwaka huona mti uliokuwapo na sasa haupo. Mpita njia hawezi kuukosa mti ambao hakuwahi kuuona. Kuona huko hakuzuii shoka, sijidanganyi, lakini malalamiko yenye ushahidi wa mahali na mwaka husikilizwa tofauti na malalamiko ya jumla.

Tangu Juni 2024 treni ya SGR inamtoa mtu Dar es Salaam na kumfikisha Morogoro kwa saa mbili hivi, na kwa maoni yangu jambo hilo limeiondolea barabara kuu utetezi wake wa mwisho kwa sisi wa starehe. Zamani tulisema hakuna namna, lazima uipite Chalinze ili uufikie mlima. Sasa ipo namna. Pikipiki ibaki Morogoro, kwa ndugu, kwa rafiki, hata kwa fundi unayemwamini ukamlipa cha kuilinda. Wewe njoo na treni ukiwa umebeba kofia ngumu na koti la mvua. Wenzangu wa masafa wataona huu ni uvivu. Haya, na uwe uvivu, ila unanifikisha Bigwa saa tatu asubuhi nikiwa na mgongo mzima, wakati wao bado wanafuta moshi wa malori usoni.

Anayetaka kuanza, aanze na Mgeta mwezi wa Juni au Julai, barabara ikiwa imekauka na baridi ikiwa ya kweli. Alale huko, asirudi siku ile ile, ili asubuhi aone mboga zinavyopakiwa. Novemba aende mashariki, Kinole, na upepo wa tairi la nyuma upunguzwe kidogo kwa ajili ya utelezi. Aprili arudi huko huko mashariki na asijiwekee lengo la kufika Kisaki. Ageuze pale tope litakapomkatalia. Morningside aiweke kwa siku yoyote anayotaka kukumbushwa kwamba hajui kuendesha. Na tangi alijaze mjini kabla ya kuondoka, kwa sababu petroli ya chupa vijijini ipo, lakini bei yake nayo hupanda mlima.